Kuinyima Maji Okidi ya Masele

Tarehe kumi na nane Juni mwaka huu nilimpoteza mwanangu Masele. Alifukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Alikuwa mtoto wangu wa mwisho, na ndiye aliyebaki nyumbani pamoja nami na bibi yake. Aliacha godoro, redio, viatu vya mpira na okidi moja kwenye ndoo. Godoro na viatu tuligawa kama ilivyo desturi. Redio anayo binamu yake. Okidi hatukuigawa, na habari yake ndiyo inayonifanya niandike.

Mwishoni mwa Septemba niliacha kazi kwenye kitalu cha maua cha Mama Getruda, hapa nje ya Ushirombo. Magoti yangu yalikuwa yamestaafu kabla yangu. Nyie mliobaki kitaluni mliniomba niwaandikie jinsi ya kumwagilia okidi wakati wa kipupwe, maana kila mwaka ndipo zinapokufa nyingi. Nilidhani ukurasa mmoja ungetosha. Nimejaribu mara kadhaa, na nimeona siwezi kueleza habari ya maji ya kipupwe bila kueleza yaliyotokea nyumbani kwangu. Basi nitaeleza vyote. Shule yangu ni darasa la saba, mtanivumilia.

Siku ya kwanza sikuja kutafuta kazi ya maua. Nilitafuta kazi ya kufua. Mume wangu alikuwa ametangulia, na watoto walihitaji kula. Mama Getruda alikuwa na mfuaji tayari, akaniambia niende nyuma nikamuulize Mgogo. Mgogo huyo ni Yona Chiwanga, mnamjua, ila wakati huo alikuwa na nywele. Nilimpa shikamoo, akaitika, akanitazama kuanzia miguuni.

"Msukuma?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu, na leo ni Jumatatu. Haya, kamata hii." Akaniwekea ndoo moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, zote zina maua. "Ipi ina kiu?"

Niliinama kuyaangalia majani.

"Sijakwambia uangalie. Nimekwambia ukamate. Macho yanadanganywa na jua. Mkono haudanganywi."

Siku nzima nilinyanyua ndoo na kuziweka chini. Jioni mabega yaliniuma, lakini nilikuwa naweza kusema ipi imeshiba na ipi ni tupu huku nimefumba macho. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu ya okidi. Kuna chombo cha kupimia unyevu ambacho Mama Getruda alikinunua baadaye. Kimening'inia ukutani mpaka leo, na mjusi amekizoea.

Chombo chetu kikubwa ni ndoo ya rangi iliyosafishwa. Pembeni yake, vidole viwili juu ya kitako, tunatoboa tundu kwa msumari wa moto. Wageni huuliza kwa nini tusitoboe chini kabisa. Maji yanayobaki chini ya tundu ndiyo kisima cha ua. Vipande vya tofali vya chini vinalowa, vya juu yake vinanyonya, na mizizi inapata unyevu bila kukaa majini. Ukizidisha, ziada inatoka pembeni. Tundu lile liko pale kumzuia mtu mwenye huruma asiue.

Vile vipira vya udongo wa kuchoma vinavyouzwa mjini ni vizuri, lakini Chiwanga alipenda tofali zilizovunjika kwenye tanuri za hapa hapa. Unazivunja kwa nyundo mpaka zifikie ukubwa wa karanga yenye ganda, unachekecha vumbi, unaosha mpaka maji yatoke meupe, halafu unachemsha. Nikisema magoti yamestaafu, msidhani ni kwa kupiga magoti mbele ya maua. Ni nyundo. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo tulikinga ya mvua kwenye matangi, na ya mvua yakiisha tulisuuza tofali mara kwa mara ili ule ukungu mweupe wa chumvi usigande. Hayo mnayafanya, siyarudii.

Kigumu ni kipupwe. Kuanzia Juni upepo unakauka, usiku unakuwa na baridi ya kutafuta blanketi la pili, na mchana jua linawaka kana kwamba halijui kilichotokea usiku. Majani yanalegea, mtu anakimbilia dumu. Sisi tuliokua tukifuata maji na punda hatuwezi kuona kitu kimekauka tukakipita. Mtu wa huku akimwona mgeni, kabla ya kumuuliza jina anampa maji. Kwa hiyo kazi hii inatuwia vigumu. Chiwanga, ambaye kwao Dodoma ni kukavu kuliko kwetu, alikuwa akisema Wasukuma tuna ugonjwa. "Nyie kila kitu mnadhani ni ng'ombe. Mkiamka tu, mnakipeleka kunywa."

Okidi zile za kipepeo, zinazopendwa na mahoteli, hazilali. Hizo kwenye baridi unapunguza tu. Lakini okidi ya chui, hii ya kwenye misitu yetu yenye maua ya njano na madoa ya kahawia, ikimaliza kukuza mashina yake inalala. Ikilala, usijaze kisima. Mimina kidogo asubuhi jua likishapanda, tena maji yaliyokaa juani, yapite, kisha inamisha ndoo yatoke. Kisha iache mpaka ndoo iwe nyepesi, halafu iache tena. Hilo la "halafu iache tena" ni la Chiwanga, na ndilo watu wengi wanaloliruka. Mashina yatakunjamana kidogo. Mikunjo haiui. Kinachoua ni ulaini. Ukibonyeza shina likaingia kama embe bovu, hapo ndipo uogope.

Tulikuwa na kesi nyingi. Hoteli moja ya Kahama iliturudishia okidi zilizokaa kaunta ya baa, zote zimelegea, na kijana aliyezileta anaapa kwamba walizipa maji tu.

Chiwanga alinusa ndoo. "Maji ya aina gani?"

"Ya kawaida, mzee."

"Haya ya kawaida yana povu. Mlizipa bia baridi au ya moto?"

Kijana akasema, kwa uaminifu, kwamba inategemea mteja.

Zile tuliziokoa. Zilizorudi kutoka nyumba moja ya wageni ya upande wa Bulyanhulu hatukuziokoa, maana mpishi alizihurumia kwa baridi akaziweka karibu na jiko la mkaa. Nimeona maua mengi yakifa, na machache sana yalikufa kwa kuchukiwa.

Okidi ya Masele ilikuja juu ya pikipiki. Huko machimboni walikuwa wanaleta magogo ya kutengenezea matimba, yaani nguzo na mihimili ya kushikilia kuta za duara, na gogo moja la mninga lilifika likiwa na okidi ya chui imelishika. Wenzake walitaka kuikwangua. Masele alikata kipande chenye ua, akakifunga kwa mpira wa baiskeli na kukipakia.

"Mama, nimekuletea mgonjwa," alisema.

Bibi yake alikuwa barazani anachambua kunde. Bibi Ng'washi, mama mkwe wangu, amekaa nami tangu nilipoolewa. "Umekwenda kwenye dhahabu," akasema, "umerudi na majani?"

"Dhahabu imenikataa, bibi. Haya yamenikubali."

Tuliibandua taratibu na kuipanda kwenye ndoo, tundu pembeni, kama za kazini. Niliiacha barazani kwa sababu Mama Getruda hakupenda tuchanganye maua yetu na yake, na alikuwa na haki. Ilikaa kipupwe kimoja bila kufanya lolote, Bibi akiicheka kila alipoipita. Kipupwe kilichofuata ilichanua. Bibi alileta kigoda akakaa mbele yake mchana kutwa, na jirani akipita anamwita. "Njoo uone alichochimba mjukuu wangu."

Sitaeleza jinsi Masele alivyotolewa. Alizikwa nyumbani.

Wakati wa matanga mfiwa hafanyi kazi. Nilikaa kwenye mkeka ndani, katikati ya akina mama, mgongo ukutani, mlango umefunguliwa mbele yangu. Majirani walichota maji, walipika, walifagia. Mlangoni niliiona ndoo ya okidi. Asubuhi baada ya mazishi, jua halijashika, nilimwona Bibi Ng'washi anatoka na kikombe chake cha bati kimejaa maji ya mtungini. Alichuchumaa mbele ya ua. Akamimina yote.

"Masele, ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu chumba cha pili. "Amka unywe."

Bibi ni Mkatoliki, rozari haimtoki shingoni. Lakini kwao, alipokua, waliotangulia walipewa maji asubuhi, na hakuna padri aliyemweleza vizuri kwa nini wasione kiu. Akina mama pale mkekani waliinamisha vichwa. Mmoja alilia. Mimi nilihesabu moyoni jinsi baridi ya usiku ule itakavyoyakuta maji yale.

Asubuhi iliyofuata alimimina tena. Na iliyofuata. Nilijifariji kwamba tundu lipo, ziada itatoka. Kisha nikatazama sakafu ya baraza chini ya ndoo, mahali ambapo siku zote palikuwa na doa la unyevu. Palikuwa pakavu.

Nikajua maji hayatoki. Sikujua kwa nini, na sikuweza kuinuka. Kuna watu watasema ningeinuka tu. Hao hawajawahi kukaa mkekani wakiwa wamefiwa, na mama mkwe wao ndiye anayelia kwa mkono unaomimina maji. Kwetu hupeleki amri kwa mama mkwe. Ukiwa na neno, unalipitisha kwa mtu. Na neno lenyewe lilikuwa lipi? Kwamba aache kumwamsha mjukuu wake? Kila asubuhi nilisikia kile kikombe kikigonga ukingo wa ndoo, na kila asubuhi nilinyamaza. Jani moja likawa njano kuanzia chini. Rangi ya njano inayoanzia chini wakati wa kipupwe, mnaijua maana yake.

Siku ya kuanua matanga Chiwanga alikuja. Wagogo na Wasukuma ni watani, na mtani kwenye msiba ana ruhusa ambayo hata mjomba hana. Aliingia uani akiuliza kwa sauti kwa nini msiba wa Wasukuma hauna nyama, kama ng'ombe wote wamekwenda kozi. Akachukua mwiko wa wapishi akataka ukombolewe. Watu waliocheka walikuwa hawajacheka kwa siku nyingi. Kisha akaja ndani, akachuchumaa mbele yangu, akawa Yona.

"Pole, mama Masele."

"Nimeshapoa." Nikamwambia chini chini, "Ukitoka, kamata ile ndoo."

Hakuuliza. Alitoka, akainama, akainyanyua kwa mkono mmoja, na nikaona bega lake likishuka. Akaitazama pembeni. Akapitisha kidole mahali pa tundu. Akanitazama mimi kupitia mlangoni, na uso wake haukuwa wa utani hata kidogo. Halafu akaubadilisha.

"Nimeteka!" alipiga kelele. "Nimeteka mtu wa nyumba hii! Mkitaka arudi leteni jogoo, tena awe mnene, si hawa wa kwenu wanaokula michembe ya viazi!"

Watu wakacheka. Bibi Ng'washi alisimama.

"Weka chini, Mgogo."

"Jogoo kwanza, bibi yangu."

"Nimesema weka chini."

"Msukuma anayejua kubembeleza hajazaliwa! Haya, jogoo na kitenge."

Akaondoka nayo kwa miguu, ameikumbatia kifuani, anaimba vibaya kwa makusudi, watoto wakimfuata mpaka barabarani. Kwa desturi mtani hachukiwi, na aliyetekewa kitu hujibu kwa utani mkali zaidi. Bibi hakujibu. Alikaa chini pale pale barazani, na jioni ile hakula.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama mahali pa ndoo, kikombe mkononi. Aliyarudisha maji mtungini.

"Wewe ulimtuma," alisema bila kunigeukia.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

"Ua linaoza."

"Usilitaje neno hilo ndani ya nyumba hii."

Nilikwenda kazini siku ile ile, ingawa Mama Getruda alikuwa amenipa ruhusa ndefu zaidi. Chiwanga alikuwa ameshaiweka ndoo mezani.

"Tazama," akasema. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha sabuni ya mche, kimeshindiliwa vizuri na kulainishwa kwa kidole, kama tunavyoziba ndoo zetu za maji zinapovuja. Mtu wa huku akiona ndoo inatoa maji pembeni haulizi imetengenezwa na nani. Anaiziba.

Alichomoa sabuni. Maji yalitoka kwa muda mrefu, yananuka.

Tuliimwaga okidi juu ya gunia. Mizizi iliyokuwa migumu na myeupe ilikuwa imegeuka ute. Ukivuta, ganda linavuka na kubaki uzi. Mashina manne yaliingia kwa kidole. Chiwanga alipitisha kisu kwenye makaa na kunikabidhi. "La kwako," akasema. Nilikata moja, kisu kikarudi motoni, nikakata la pili. Kila nilipokata nilitazama ndani kama kuna weupe, na kila mara palikuwa na kahawia. La mwisho, lililokuwa pembeni kabisa, lilikuwa jeupe ndani. Nilikata mpaka nikaacha kipande cha shina kisichozidi kiganja, bila jani, bila mzizi hata mmoja wa kuaminika. Tulipaka unga wa mkaa kwenye majeraha, tukakiegemeza juu ya tofali kavu kwenye ndoo mpya.

"Maji?" niliuliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Hana mdomo. Utampa kupitia wapi? Mpaka atoe mzizi, nao ufike urefu wa pingili ya kidole."

"Na asipotoa?"

Chiwanga alikuwa anafuta kisu. Alikirudisha mahali pake, akaipeleka ndoo mpya kivulini.

Nyumbani Bibi alikuwa anakula uji kidogo, basi. Hakunisemesha isipokuwa kwa kupitia jirani. "Mwambie mama Masele chumvi imekwisha." Mimi nipo hatua chache. Alianza kukonda usoni. Usiku nilimsikia anakohoa, mchana alilala, na ile saa yake ya asubuhi alikaa tu kitandani na kikombe kitupu mapajani. Niliogopa. Nilikuwa nimezika mmoja, na sasa nilikuwa nimemnyang'anya mwingine kitu pekee kilichokuwa kinamwamsha. Nilimwambia Chiwanga kwamba nairudisha ndoo nyumbani, imwagiliwe, ife, yaishe.

"Rudisha," akasema. "Lakini mlete kwanza aione. Asije akasema kila siku kwamba tulimficha."

Nilimpandisha kwenye bodaboda, nikapanda nyuma yake nimemshika. Hakuuliza tunakwenda wapi. Kitaluni Chiwanga alimsalimia kwa adabu, hakuleta utani. Alikuwa ameyahifadhi yale mashina tuliyoyakata juu ya gunia, yamekauka na kuwa meusi, pamoja na ile sabuni. Akamwonyesha vyote. Bibi aliishika sabuni, akaigeuza. Alama ya kidole chake ilikuwa bado ipo.

"Ilikuwa inavuja," alisema.

"Inatakiwa ivuje, bibi."

"Chombo gani kinatakiwa kuvuja?"

Chiwanga alimweleza, polepole, kama alivyonieleza mimi mwaka ule wa kwanza. Kisima cha chini. Tofali zinavyonyonya. Kisha akasema, "Na kipindi hiki cha baridi amelala. Aliyelala hanyweshwi. Atapaliwa."

Bibi alimtazama. "Na Masele?"

Chiwanga aliondoka mbele ya ndoo mpya, akampisha. Bibi akasogea mpaka kwenye ndoo mpya, akakitazama kile kipande cha shina kilichopakwa mkaa. Nilisimama karibu naye, na nilikuwa tayari kumpa kikombe kama angeomba. Nawaambieni ukweli, nilikuwa nimeshakishika.

"Ndiye huyu aliyebaki?" aliuliza, na safari hii aliniuliza mimi.

"Ndiye huyu, mama."

"Mdogo." Akavua kanga yake ya pili akataka kukifunika. Chiwanga akamwambia kanga itazuia hewa. Akaivaa tena. "Hamtaki maji, hamtaki nguo. Mnataka nini?"

"Kusubiri," Chiwanga akasema.

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote."

Tangu siku ile alikuja nami kazini mara nyingi, anakaa kwenye dumu lililopinduliwa mbele ya ndoo, rozari mkononi. Hakuleta kikombe. Akina mama waliokuja kununua waridi walidhani ni mlinzi. Chiwanga aliurudia utani pole pole, na siku moja Bibi akamjibu kwamba jogoo wake bado anakua, ila anakula sana kama Mgogo aliyealikwa. Nilikuwa navunja tofali nje. Niliweka nyundo chini nikasikiliza mpaka wakanyamaza.

Julai yote shina lilikunjamana. Agosti upepo uliongezeka, na mikunjo ikawa mirefu kama ya ngozi ya kiwiko. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilitaka kuvunja kanuni. Kila asubuhi nilikwenda kulibonyeza, na kila asubuhi nilikuta gumu lakini jembamba zaidi.

"Linakufa kwa kiu," nilimwambia Chiwanga.

"Ni gumu?"

"Gumu."

"Basi halifi."

"Unajuaje? Safari hii unajuaje?"

"Sijui," akasema. "Lakini wewe ukiendelea kulibonyeza litachubuka, na hapo nitajua. Toa mkono."

Nilitoa mkono. Tuligombana siku ile kwa jambo lingine dogo, habari ya ungo, na wote tulijua si ungo. Nilipofika nyumbani Bibi aliniuliza limeamkaje. Nikamwambia sijui kama linaishi. Sikumtia moyo kwa uongo. Yeye pia hakuwahi kunitia moyo kwa uongo. Akasema, "Basi kesho tutaangalia tena," akanipakulia ugali.

Septemba joto lilirudi. Nilimaliza kazi mwezi huo, kama nilivyosema. Mama Getruda alininunulia kitenge, Chiwanga alinipa nyundo yangu, nikamwambia ni tusi. Ndoo nilirudi nayo nyumbani. Bibi aliichagulia mahali barazani, si pale pa zamani, bali upande ambao upepo hauupigi. Kila siku aliitazama, kwa mikono nyuma kama padri anayekagua kanisa.

Wiki iliyopita aliniita. Hakuita kwa nguvu. Nilimkuta ameinama, amesogeza kipande cha tofali kwa ukucha. Chini ya shina kulikuwa na kitu cha kijani, chenye ncha, kidogo kuliko punje ya mtama, na kando yake mzizi mweupe uliokuwa umeshashika tofali. Niliutazama mpaka macho yakauma. Nikapima kwa jicho urefu wake. Ulikuwa umefika pale Chiwanga alipotuambia ufike.

Bibi aliingia ndani. Nilimsikia anafunua mtungi. Akatoka na kikombe cha bati kimejaa nusu, akakiweka juani ukutani, akakaa. Tulikaa wote wawili mpaka maji yalipopata uvuguvugu. Akachovya kidole kuhakikisha. Kisha akanyoosha kikombe kwangu.

"Mama, mpe wewe," nilisema. "Wewe ndiye uliyekuwa unampa."

"Nimempa ya kutosha. Wewe ni mama yake na hujamwita hata mara moja tangu tumzike. Mwite."

Nilipokea kikombe. Nikalisema jina, likatoka dogo, sijui kama mtu wa barabarani angelisikia. Nikaanza kumimina, na mkono wangu, ambao umefanya kazi hiyo maisha yangu yote, ulikiinamisha kikombe haraka mno, maji yakamwagika kwenye ukingo.

Bibi aliushika kwa chini.

"Taratibu," akasema. "Taratibu. Kidogo kidogo."